UZI: Nina Simone tunamjua sote, Lorraine Hansberry aliyemwingiza kwenye mapambano hatumtaji

#1 mtoa_mada

Wakuu, salaam kwenu.

Jukwaa hili lina wapenzi wengi wa Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano Mweusi wa Marekani, na nyuzi zake hazikauki. Kila nikizipitia, kuna jina moja silioni, na bila jina hilo nusu ya Nina tunayemshabikia haieleweki. Ni Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia aliyefariki akiwa na miaka 34. Wimbo wa "To Be Young, Gifted and Black" ambao wengi wetu tumeuimba bila kujua ulikotoka, kichwa chake kilitoka kinywani mwa Lorraine, na wimbo wenyewe ulitungwa kumkumbuka yeye. Inaniuma kuona mtu anasikika kila siku kwenye spika za watu huku hatajwi. Uzi ni mrefu, jiandaeni.

Lorraine alizaliwa Chicago tarehe 19 Mei 1930, kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake, Carl Hansberry, alikuwa na biashara ya nyumba za kupangisha na uwezo alikuwa nao. Msomi W.E.B. Du Bois, mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson na mshairi Langston Hughes walikuwa wageni wa nyumba ile. Ami yake, William Leo Hansberry, alifundisha historia ya kale ya Afrika pale Howard University, zama ambazo wasomi wengi wa Marekani hawakukubali hata kwamba Afrika ina historia. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alipita mikononi mwake. Kwa hiyo binti huyu alipokuja kuandika habari za Afrika, hakuwa anabahatisha.

Mwaka 1937 Carl alinunua nyumba South Rhodes Avenue, eneo ambalo wenye nyumba wazungu walikuwa wamewekeana mkataba wa kutomuuzia wala kumpangishia Mweusi. Familia ilipohamia, kundi la watu wenye hasira lilizingira nyumba. Kitu kizito kilirushwa dirishani kikamkosa Lorraine kidogo sana, naye ni mtoto wa shule ya msingi. Usiku, baba akiwa mbali anashughulikia kesi, mama alikuwa anazunguka ndani ya nyumba na bastola iliyojaa risasi akilinda wanawe. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 Carl alishinda. Lakini tazameni ushindi wenyewe: majaji walisema tu kwamba familia ya Hansberry haikuwa sehemu ya kesi ya zamani iliyoupitisha mkataba ule, kwa hiyo hukumu ile haiwafungi wao. Mikataba ya kibaguzi kwa ujumla wake haikuguswa. Ilibidi kusubiri mpaka 1948 mahakama iseme kwamba serikali haiwezi kuitekeleza. Carl hakuiona siku hiyo. Alifariki Mexico mwaka 1946 akiwa kwenye mipango ya kuihamishia familia huko, na Lorraine aliandika baadaye kwamba ubaguzi wa Marekani ulichangia kumuua baba yake.

Ukiwa na hayo kichwani, tamthilia yake "A Raisin in the Sun" unaisoma kwa jicho lingine kabisa. Familia ya Younger inaishi kwa kubanana katika chumba cha kupanga Chicago. Baba amekufa, bima imelipa dola 10,000. Mama anataka nyumba, mtoto wa kiume, Walter Lee, anataka duka la pombe, binti, Beneatha, anataka kusomea udaktari. Mama analipia nyumba katika mtaa wa wazungu, na kabla hawajahamia anafika mzungu mpole, mwenye adabu zake, kuwaambia kwamba majirani wamechanga pesa ili wao wasije. Upole wa mtu yule ndio unaonitisha kila ninaposoma. Lorraine angeweza kuandika kundi la watu na mawe, maana aliyaona kwa macho yake. Akachagua kuandika mtu mwenye kofia mkononi na hundi mfukoni.

Tamthilia iliingia Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, tarehe 11 Machi 1959. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tamthilia ya mwanamke Mweusi kufika huko, na mwongozaji wake Lloyd Richards naye alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia pale katika zama zile. Sidney Poitier, Ruby Dee na Claudia McNeil ndio waliokuwa jukwaani. Mtayarishaji Philip Rose alihangaika zaidi ya mwaka kutafuta pesa kwa sababu wenye fedha hawakuamini kuna watu watakaokata tiketi kutazama maisha ya familia ya Weusi. Ikaonyeshwa mara 530. Lorraine alichukua tuzo ya wahakiki wa New York akiwa bado hajatimiza miaka 30. FBI nao walikuwa wametuma mtu kuitazama kabla haijafika New York, aende akaangalie kama ina ukomunisti ndani yake.

Wana-FBI walikuwa na jalada lake tangu alipokuwa gazetini. Mwaka 1950 aliacha chuo Wisconsin akaenda New York, akaajiriwa katika gazeti la Paul Robeson lililoitwa Freedom. Mwaka 1952 alikwenda Montevideo, Uruguay, kumwakilisha Robeson kwenye mkutano wa amani, kwa kuwa serikali ilikuwa imemnyang'anya Robeson pasipoti. Aliporudi na yeye akanyang'anywa ya kwake.

Na hapa ndipo sisi wa huku tunaguswa moja kwa moja. Tarehe 20 Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya na kuwakamata Kenyatta na wenzake. Magazeti makubwa ya Magharibi yalijaa habari za "washenzi wa Mau Mau". Desemba ya mwaka huohuo, gazeti la Freedom lilitoa makala kuhusu Wakikuyu na mapambano yao dhidi ya Waingereza, ikisimama upande wao. Aliyeiandika ni Lorraine Hansberry. Alikuwa na miaka 22.

Sasa tumlete Nina. Walifahamiana New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wakashibana mno. Lorraine akawa mama wa ubatizo wa Lisa, binti ya Nina aliyezaliwa mwaka 1962. Katika kitabu cha maisha yake, Nina anasimulia kwamba walipokutana hawakuwa wanazungumza habari za wanaume wala mavazi. Walizungumza Marx, Lenin na mapinduzi. Anakiri kwamba Lorraine ndiye aliyemfundisha kujitazama kama mwanamke Mweusi katika nchi inayoongozwa na wanaume wa kizungu.

Tarehe 12 Aprili 1963 Nina alipiga Carnegie Hall, ukumbi alioutamani tangu utotoni. Siku hiyohiyo Martin Luther King alikamatwa Birmingham. Simu anayoikumbuka Nina kutoka siku hizo si ya pongezi. Ni ya Lorraine, akimuuliza yeye anafanya nini kwa ajili ya mapambano wakati viongozi wake wako jela.

Nawaachia hapo kwanza, wenye mchango karibuni.

#2 msikilizaji_wa_usiku

Mkuu, heshima kwako kwa uzi huu. Ila hapo pa mwisho mimi sikubaliani. Nina hakuhitaji kuamshwa na mtu. Akiwa na miaka kumi na kitu, bado anaitwa Eunice Waymon, aliandaliwa onyesho la piano pale Tryon, North Carolina. Wazazi wake wakaondolewa viti vya mbele ili wakae wazungu. Alikataa kupiga hata noti moja mpaka walipowarudisha mbele. Mtoto huyo! Halafu mwaka 1951 chuo cha muziki cha Curtis Institute, Philadelphia, wakamkatalia nafasi, na yeye aliamini mpaka anakufa kwamba ni kwa sababu ya rangi yake. Huo moto alizaliwa nao. Tukisema Lorraine ndiye aliyemfanya, tunampunguza Nina.

#3 mtoa_mada

Mkuu msikilizaji, kisa cha Tryon ni cha kweli na ninakipenda. Moto ninaukubali. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi moto ule haukuingia kwenye kazi yake. Chukua albamu zake za mwanzo uzipange. "I Loves You, Porgy" iliyompa jina mwaka 1959 ni wimbo wa mapenzi kutoka opera ya Gershwin. Utakuta nyimbo za jazi zinazopigwa na kila mtu, nyimbo za kiasili, hata za Kiebrania. Kazi nzuri mno, na piano yake ina Bach ndani kwa sababu ndiye aliyekesha naye tangu mdogo. Lakini wimbo wa kuikabili Marekani uso kwa uso, hakuna. Nina mwenyewe hakuziamini nyimbo za maandamano, aliziona nyingi ni nyepesi mno, zinamwondolea heshima mtu zinayedai kumtetea.

Kisha ikaja 1963. Juni, Medgar Evers, mpigania haki za Weusi, akauawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Mississippi. Tarehe 15 Septemba bomu likalipuliwa kanisa la Kibaptisti la mtaa wa 16 Birmingham, likaua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley wenye miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Nina anasimulia alivyoshuka stoo akaanza kuunga vyuma atengeneze bunduki. Mumewe akamwambia kuua hakujui, anachojua ni muziki. Akakaa kwenye piano, na kwa muda kama wa saa moja "Mississippi Goddam" ikawa imekamilika.

Sasa jiulize mkuu: watu wangapi walikuwa na hasira siku ile? Wote. Yeye aliweza kuyaunganisha Evers na wale watoto na nchi nzima katika wimbo mmoja kwa sababu kuna mtu alikuwa amekaa naye miezi na miezi akimfafanulia mambo haya yanavyoshikana. Nina ameandika hivyo mwenyewe, simpunguzii kitu. Vituo vya redio vya Kusini viliukataa, na zipo santuri zilizorudishwa zikiwa zimevunjwa katikati.

#4 bint_wa_vitabu

Jamani, asante sana mtoa mada. Niko Nairobi, nimesoma fasihi mpaka chuo, na hilo la Desemba 1952 sikuwahi kufundishwa. "A Raisin in the Sun" tuliisoma kama tamthilia ya Wamarekani na yule Asagai, mhusika wake kutoka Nigeria, tukamwona wa kupamba tu.

Nadhani watu wengi hawaijui "Les Blancs". Hii ndiyo tamthilia yake ya Afrika. Nchi ni ya kubuni, jina lake Zatembe, lakini msomaji wa Kenya atainusa Kenya kila ukurasa: walowezi, misheni, meja mkoloni, wapiganaji wa msituni. Tshembe anarudi kutoka London kumzika baba yake, ana mke mzungu na mtoto huko, hataki vita ya mtu. Vita inamfuata. Kaka yake amekuwa padri wa Kikatoliki. Mimi ninaiweka juu ya "Raisin" na sioni haya kusema hivyo.

#5 mtoa_mada

Dada yangu umenigusa. Kuiweka juu ya "Raisin" sitakufuata huko, kwa sababu moja: Lorraine hakuimaliza. Aliyekuwa mumewe, Robert Nemiroff, ndiye aliyeziunganisha rasimu, ikapanda Broadway Novemba 1970 na James Earl Jones kama Tshembe. Ilidumu maonyesho 40 tu. Wahakiki waligawanyika vibaya, wengine walisema inahubiri chuki dhidi ya wazungu. Ukisoma yale mabishano ya Tshembe na mwandishi wa habari Mmarekani, unaona alikuwa anaelekea mahali ambapo hakuna mwandishi wa Broadway wa wakati ule aliyekuwa anaelekea. Kifo kilimkatiza.

Ngoja nieleze mwaka wake wa mwisho, maana ndio unaofungua ule wimbo.

Tarehe 24 Mei 1963 mwandishi James Baldwin alikusanya watu New York wakutane na Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa serikali na mdogo wake rais. Walikuwepo waimbaji Lena Horne na Harry Belafonte, pamoja na Lorraine. Alikuwepo pia kijana mmoja, Jerome Smith, aliyepigwa vibaya sana huko Kusini katika safari za kupinga ubaguzi kwenye mabasi. Smith alisema hata kukaa chumba kimoja na Kennedy kumwomba haki yake kunamtia kichefuchefu. Kennedy akamgeuzia mgongo, akawatazama hao wenye majina. Lorraine akamwambia kwamba humu ndani wapo watu wengi waliofanikiwa, lakini mtu wa kumsikiliza ni huyu kijana. Mkutano ulikwenda mrama, mwishowe Lorraine akasimama akaondoka, na wengine wakamfuata. Kila nikikisoma kisa hiki natamani wenye majina wa zama zote wakisome.

Wakati huo mwili ulikuwa umeanza kumsaliti. Ilikuwa saratani ya kongosho, na waliomzunguka walimficha ukweli wa ugonjwa wake kwa muda mrefu. Tarehe 1 Mei 1964, mgonjwa hivyohivyo, alikwenda kuzungumza na vijana walioshinda shindano la uandishi la mfuko wa vyuo vya Weusi, United Negro College Fund. Akawaambia kwamba kuwa kijana na mwenye kipaji ni jambo zuri, lakini kuwa kijana, mwenye kipaji na mweusi kuna utamu wa aina yake. Maneno yale aliyatoa mtu ambaye maisha yake yalikuwa yamebakiza miezi minane.

Tamthilia yake ya pili ya Broadway, "The Sign in Sidney Brustein's Window", ilifunguliwa Oktoba 1964. Watazamaji walikuwa wachache, na wasanii wenzake walichangishana pesa isifungwe. Alifariki tarehe 12 Januari 1965. Mazishi yalifanyika Harlem, Paul Robeson akazungumza, Nina akaimba. Malcolm X alikuwepo kati ya waombolezaji. Wiki chache baadaye, tarehe 21 Februari, yeye naye akauawa, na siku hiyo Nina alikuwa anatimiza miaka 32.

#6 kijana_wa_mjini

Mtoa mada, naomba kuuliza. Mimi "Young, Gifted and Black" naijua ya Aretha Franklin. Nani aliitunga hasa? Maana YouTube kila mtu anayo.

#7 mtoa_mada

Swali zuri kijana. Baada ya kifo chake Nemiroff alikusanya barua, shajara na vipande vya maandiko ya Lorraine akavitengenezea tamthilia, akaipa jina la maneno yale ya kwa wanafunzi. Ilianza kuonyeshwa mwanzoni mwa 1969 katika ukumbi mdogo wa Cherry Lane, New York. Mwaka huohuo Nina alitunga muziki, na maneno akamwachia Weldon Irvine, mpiga kinanda wa bendi yake aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alimwagiza kitu kimoja: maneno yatakayomfanya kila mtoto Mweusi popote duniani ajione ni mtu wa thamani.

Angalia Nina anavyouimba Harlem, Agosti 1969, picha zake zipo. Baadaye kidogo, Oktoba, aliurekodi mbele ya watu Philharmonic Hall kwa ajili ya albamu ya "Black Gold", na hapo kabla ya kuanza anamzungumzia Lorraine. Tafuta toleo hilo lenye maongezi, usichukue lililokatwa. Anasema anavyomkosa rafiki yake, na sauti yake pale si sauti ya jukwaani.

Bob na Marcia wa Jamaika waliuimba kwa mtindo wa rege ukapanda sana Uingereza mwaka 1970. Donny Hathaway naye akauimba. Aretha aliufanya jina la albamu yake ya 1972 na akapata Grammy. Aretha anaurudisha kanisani, piano na waitikiaji, unaweza kusahau kabisa kwamba una marehemu ndani yake. Wa Nina huwezi kusahau.

#8 msikilizaji_wa_usiku

Nimesoma yote mkuu. Bado nasema Nina angefika tu, kwa njia nyingine. Lakini ile simu ya 1963 imenifanya niitafute "Four Women" upya usiku huu. Aunt Sarah, Saffronia, Sweet Thing, Peaches: wanawake wanne, kila mmoja na rangi ya ngozi yake na madhila yake, na kila mmoja anajitambulisha kwa nafsi ya kwanza. Hiyo ni tamthilia! Dakika nne na kitu. Wahusika wanaingia mmoja mmoja mpaka yule wa mwisho anapolipuka na jina lake. Hapo naanza kuona mkono wa rafiki mwandishi.

#9 mtoa_mada

Mkuu, hilo la "Four Women" kuwa tamthilia sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo na nitaondoka nalo. Ilitoka 1966, mwaka mmoja baada ya Lorraine kuzikwa. Baadhi ya redio za Weusi zenyewe ziliupiga marufuku zikidai unawatukana wanawake Weusi, na Nina aliumia sana kwa hilo, kwa sababu yeye alikuwa anaonyesha jinsi wanawake wale walivyofundishwa kujichukia.

#10 bint_wa_vitabu

Kwa anayetaka kuanza na Lorraine, mtoa mada unashauri aanzie wapi? Nina kundi la usomaji hapa, wengi hawajawahi kusoma tamthilia tangu waondoke shuleni.

#11 mtoa_mada

Dada, kwa kundi ambalo halijazoea tamthilia ningeanza na filamu ya 1961. Wengi wa walioigiza ni walewale wa jukwaani, na Poitier yuko kwenye ubora wake. Kisha msome kitabu palepale, maana Lorraine aliandika mwenyewe maandishi ya filamu na kuongeza matukio mapya ya kuionyesha familia nje ya kile chumba, studio ikayaondoa mengi. Msomapo mgawane sauti, mmoja awe Mama, mwingine Walter Lee, mwingine Beneatha. Asagai mpeni mtu makini. Ile hotuba yake ya kitendo cha tatu kuhusu kurudi kijijini kwao, kwamba huenda watu wake mwenyewe ndio watakaomuua siku moja, Lorraine aliiandika kabla Nigeria haijapata uhuru. Mkifika hapo "Les Blancs" itakuwa inawasubiri, na wewe ndiye utakayewaongoza.

Wale walioniomba orodha ya nyimbo za Nina za 1963 mpaka 1970 nitawawekea kesho kwenye uzi huuhuu, kwa mpangilio wa miaka.